Mgeni Mwenye Shati la Bluu

Mama yangu mdogo wa Kasaji alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, vumbi la machimbo bado liko kwenye nyusi, akaniambia bwana amepatikana. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia ndala yako imepatikana chini ya kitanda.

"Ni mutu wa Dilolo," alisema. "Bibi yake wa ndoa alikufaka. Anauzisha bitenge kule ku mupaka. Eko mutu wa kanisa, haongeake mingi. Samedi atakuya na bisi, we utaenda kumupokea ku ajansi."

"Mama, nitamujua namna gani?"

"Eko murefu. Atavala shimizi ya bluu."

Akakata simu kabla sijapata neno la kumpinga. Ndiye aliyenilea tangu mama mzazi alipofariki, na katika ukoo wetu mwanamke akishavuka thelathini bila mume, jambo hilo linatoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa watu wote. Kanisani Kolwezi akina mama walikuwa wananiombea kwa sauti, wakitaja kazi yangu kana kwamba ni ugonjwa. Nilikuwa naendesha gari kubwa la kubeba mawe kwenye shimo la shaba, lile ambalo gurudumu lake linamzidi mtu urefu. Unashuka mtupu, unapakiwa, unapanda, unamwaga, unashuka tena. Niliipenda kazi ile kwa sababu gari halisimami.

Mimi tangu utoto sikujua kutulia. Nilikuwa nimepanga Musonoi, nikapanga Manika, nikapanga Dilala, nikarudi Musonoi. Kila nyumba nikishaizoea sauti ya mlango wake, miguu inaanza kuniwasha, naanza kuulizia nyingine. Wanaume nao ilikuwa vivyo hivyo. Mmoja, mwalimu, mtu mwema kabisa, nilimkimbia siku aliponiletea kabati. Nililitazama lile kabati la mbao nzito, nikawaza: hili halibebeki. Wiki iliyofuata nikahama, nikaliacha kwa jirani.

Lakini Jumamosi ilipofika nilichinja kuku. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikasonga bukari, ugali wetu, nikafunika vyungu kwa kitambaa kipya, nikaenda kwenye ajansi ya mabasi na viatu vyenye kisigino. Sikutaka mama mdogo aambiwe nimemdharau mgeni wake.

Basi la magharibi liliingia limechelewa, na hapo ndipo nilipoona shida. Vumbi la njia ile halichagui mtu. Abiria wote walishuka wakiwa wekundu kuanzia nywele hadi soksi, na kila shati lilikuwa na rangi ya udongo. Nikabaki natafuta urefu peke yake. Kisha mwanaume mmoja mrefu akajipiga makofi kifuani, vumbi likaruka, na chini yake ikatokea bluu. Alinitazama, akanijia moja kwa moja.

"Mama, ni weye njo balituma kunipokea?"

"Ni mi."

"Asante. Twende tuone."

Nilipenda kwamba hakupoteza muda. Alikuwa na mfuko mmoja begani na kitu kingine kimefungwa kwenye gunia.

"Bitu byako njo bile tu?"

"Bingine bitafwata kisha, kama naona iko muzuri."

Nikajiambia, huyu ameanza mapema. Tukapanda pikipiki mbili, yake ikifuatana na yangu, na njia nzima alikuwa ananipigia kelele juu ya muungurumo.

"Iko mbali?"

"Ku Musonoi!"

"Kule banapasulaka mawe! Haina na mipasuko?"

"Kidogo!"

"Na maji?"

"Inatokaka asubui!"

Wale madereva wawili walitazamana. Mimi niliona kwamba huyu ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara haoi mke kabla ya kujua kama mke ana maji.

Nyumbani hakukaa. Aliweka mfuko nje ya mlango, akaingia akiangalia dari. Aligonga ukuta kwa vidole, akatega sikio, akagonga pembeni yake. Aliingiza kidole gumba kwenye ufa ulio juu ya dirisha. Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi, nimejipaka mafuta, nimevaa kitenge changu cha Pasaka, na hajanitazama hata mara moja.

"Nani alikuwaka hapa mbele yangu?" akauliza.

"Mbele yako?"

"Ee. Bale ba mbele. Balitokaka juu ya nini?"

Damu ilinipanda masikioni. Nilifikiri mama mdogo amemweleza habari zangu zote, mpaka na kabati.

"Mi mwenyewe njo nilibafukuza," nikasema.

"Bote?"

"Bote."

Alijifuta shingo. Aliniangalia sasa, kwa heshima yenye hofu. "Mi sina matata, mama. Natokaka asubui, narudiaka mangaribi. Shida yangu ni makelele tu kidogo. Lakini batu banazoeaka."

Nikajua anazungumzia kukoroma, nikaona angalau ni mkweli.

"Na chumba ya kulala?" akaendelea. "Naweza kuiona?"

"Ile haionekanake leo."

"Sasa nitajua namna gani kama naienea?"

Nilimwambia akae ale. Nilisema kwa ukali kiasi kwamba alikaa papo hapo. Alishangaa kuona kuku, akanawa, akala paja lote kwa shukrani, akisema huku Kolwezi watu wana adabu, kwingine hawakulishi kwanza. Mimi nilikula nimesimama mlangoni, maana siku zote nilikuwa nakula hivyo. Alipomaliza alijipangusa mdomo, akainua uso kama mtu aliyefika kwenye neno lenyewe.

"Basi mama, tuseme ya kweli. Garanti ni ngapi?"

"Garanti?"

"Ee. Na kama kisha miezi kidogo naona haifae, unanirudishia?"

Sahani niliiweka chini ili nisimpige nayo.

"Mi si frigo!" nilipiga kelele, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. "Unaingia mu nyumba yangu, unapiga bibambazi, unauliza bale ba mbele, unaomba kuona kitanda, na sasa unataka garanti ya kunirudisha?"

Aliinuka polepole, mikono juu. "Kukurudisha weye? Mama, mi natafuta nyumba ya kupanga."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni mama mdogo.

"Muko wapi?" aliuliza. "Mutu wa batu eko ku ajansi tangu bisi ifike, anasema hakuna mutu alikuya kumupokea!"

Yule aliyekuwa mbele yangu alicheka. Kwanza alijizuia kwa adabu, kisha akashindwa, akashika ule ukuta aliokuwa anaugonga, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake. Akanieleza kwa vipande vipande. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango na madirisha, na makelele yale yalikuwa ya kazi, na garanti ni ile amana anayowekewa mwenye nyumba. Alikuwa anatoka kumaliza kazi Kasaji. Komisionere, yule mtu wa kutafutia watu nyumba, alikuwa amemwahidi kwamba mwanamke atampokea kwenye basi na kumwonyesha nyumba Musonoi. Kwenye gunia kulikuwa na miwani na kofia ya kuchomelea.

Mimi sikucheka. Nilimtoa nje, nikapanda pikipiki, nikarudi ajansi.

Mgeni halali alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mgongo wima, shati la bluu limekwisha kupanguswa likapangusika. Hakuwa amekasirika. "Hainaki shida, mama," alisema, na njia nzima hakuuliza chochote. Nyumbani alikula kuku aliyebaki bila kuuliza paja limekwenda wapi, nami nikala bukari nimesimama mlangoni.

Nataka kusema ukweli kuhusu mtu huyu, kwa sababu watu wanaponisikia nikisimulia wanangoja nimtie ubaya. Hakuwa nao. Alinieleza maisha yake na ya marehemu mke wake kwa maneno machache na mazuri. Alinieleza nyumba yake ya Dilolo: baraza la saruji, viti vilivyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, kivuli mchana kutwa.

"Kule hautakimbia-kimbia tena," alisema. "Kazi ya kamio ya mawe utaacha. Utaikala."

Alilisema neno hilo la kukaa kama zawadi, na kwa mwanamke mwingine ingekuwa zawadi. Mimi nilisikia damu ikishuka yote miguuni. Nilienda jikoni kuchukua maji, nikarudi, nikaenda kuchukua chumvi ambayo hakuna aliyeiomba. Alikaa kwenye kiti kile mchana wote bila hata kubadili mguu. Alipoondoka aliniambia nifikiri, hana haraka.

Juma lile sikukaa sawa. Ndani ya gari nilikuwa nakosa kusikia redio ya shefu wa zamu, mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilihamisha kitanda ukuta huu, nikakirudisha ukuta ule. Kila nilipojiambia kwamba mtu wa Dilolo ndiye mtu sahihi, na ndivyo nilivyojiambia, nilimwona yule fundi ameshika ukuta wangu akicheka.

Alinipigia simu yeye mwenyewe. Namba alikuwa ameipata kwa komisionere, ambaye namba yangu alikuwa nayo tangu nyumba zangu zote. Aliomba msamaha kwa ajili ya paja la kuku. Kisha akasema: "Banasema weye ulipanga mu Kolwezi muzima. Unaweza kunisaidia kutafuta?"

Tukaanza kutembea baada ya zamu yangu, sisi wawili na komisionere mbele, mtu mfupi mwenye funguo nyingi na subira kidogo. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyesema jenereta ya jirani itamsumbua. Ya pili, yeye alisema mlango umeelekea upande mbaya kwa kazi yake, ingawa mtu anayetengeneza milango anajua mlango unaweza kung'olewa. Kati ya nyumba na nyumba tulikuwa tunazungumza. Alinieleza miji aliyofanyia kazi, Likasi, Fungurume, Kasaji, Dilolo yenyewe. Nilimweleza lile shimo, jinsi asubuhi jua linavyofika chini kwa ngazi, ghorofa moja baada ya nyingine. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza shimo lina sura gani. Huwa wananiuliza nitaacha lini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na kila kitu. Maji, umeme, uwanja mpana, ukuta bila ufa. Fundi aliizunguka mara moja, akaizunguka tena, nikamwona anahangaika. Hatimaye alisimama chini ya mwavoka, mti wa parachichi.

"Hii muti," alisema, "itaangushaka majani."

"Mingi sana," nikasema.

Komisionere alifunga mlango, akatutazama mmoja mmoja. "Mi naacha," alisema. "Nyinyi hamutafute nyumba. Mwende mukaone padri."

Akaondoka na funguo zake zikilia. Sisi tukabaki njiani, tukatembea mpaka penye wanawake wanaochoma mahindi. Akanunua, akanipa hindi langu, lake akawa analizungusha tu mkononi.

"Ile komisionere eko na kweli?" akauliza.

"Mi sijue."

"Mi najua." Akangoja pikipiki ipite. "Mi nilichoka kuhama peke yangu."

Moyo ulinishtuka kama siku ya kabati. "Mi sijachoka kuhama," nikamwambia. "Mi sijue kuikala mahali. Usiseme kesho nilikudanganya."

"Basi tutahama pamoya."

Nilimwachia hindi langu lililobaki, nikaenda nyumbani kwa miguu, njia ndefu, ya kuzunguka nyuma ya vifusi. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nataka kukimbia, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Neno la kumkataa mtu mwema halisemwi kwa simu. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi hadi Kasaji. Mama mdogo alinipokea kwa vigelegele, maana alidhani nimekuja kukubali. Alikuwa ameshanunua kitenge cha sherehe, na mtu wa Dilolo alikuwa ameitwa, ameketi sebuleni na shati lingine, jeupe.

Nilipiga magoti, nikamsalimu, nikasema yote mbele yao. Nilisema hana kosa. Nilisema nyumba yake ni nzuri na mimi ningekufa ndani yake. Nilisema kuna mtu mwingine, na jinsi nilivyompata ni kwa makosa ya shati.

Mama mdogo alifunika uso kwa kitenge. Mgeni aliangalia mikono yake.

"Nilijua," alisema mwishoni. "Ile siku tulikula, mi niliikala, weye ulikula ya kusimama. Nikasema mu roho, huyu mwanamuke eko anangoja bisi." Akavuta pumzi. "Hainaki mubaya. Lakini ungesema ile siku, singenunua kikombe ya pili."

Maneno hayo ya kikombe yaliniuma kuliko kama angenitukana. Aliaga kwa heshima, akaondoka akitembea wima. Nilisikia baadaye kwamba amepata mke Dilolo, mjane wa kwaya yao, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Mama mdogo hakunisemesha mpaka jioni. Alikuwa anatwanga sombe, na kila swali lilikuja pamoja na mchi.

"Ule wa byuma. Eko na nyumba?"

"Hapana, mama. Tulikuwa tunamutafutia."

Mchi ukashuka. "Eko na bazazi?"

"Balikufaka."

Mchi. "Sasa eko na nini?"

"Anachekaka," nikasema.

Aliacha kutwanga. Aliniangalia jinsi alivyokuwa ananiangalia nilipokuwa mdogo, nimerudi nyumbani bila viatu. "Mi sikukuzaa," alisema, "lakini weye njo utaniua. Alete batu yake."

Watu wake hawakuwa wengi. Alikuja na mzee aliyemfundisha kuchomelea, na kwa kuwa msemaji wa mzee huyo alikuwa ameugua, aliyesema kwa niaba yao alikuwa komisionere. Alisimama mbele ya ukoo wangu akiwa amevaa koti, akasema wamesikia hapa kuna nyumba nzuri, imekaa wazi kwa muda, mwenye nyumba anaisifu. Mama mdogo akamjibu kwamba nyumba hiyo ina tabia ya kuhama yenyewe. Watu walicheka mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Tulifunga ndoa kwenye ofisi ya komini, kisha kanisani. Akahamia kwangu Musonoi, kwenye nyumba yenye ufa juu ya dirisha. Sitasema nilitulia. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka kabla ya alfajiri na kuzunguka uwanjani; nilikuwa nagombana naye kwa sababu ya viatu vyake kukaa mahali pamoja. Mara moja nilifunga mfuko wangu bila sababu, nikaufungua mchana, nikarudisha nguo moja moja. Aliona, akaenda kununua mkaa.

Kisha mwaka huu wakaja vijana wenye kofia ngumu na rangi nyekundu, wakaweka alama kwenye kuta za mtaa wetu. Shimo linapanuka, walisema. Siku moja tutahamishwa, tarehe itatangazwa. Majirani waliosikia walilia, wazee walitoa viti nje wakakaa barabarani. Zamani mimi ningeshukuru na kuanza kufunga mizigo.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimuuliza yule kijana nani amempa ruhusa ya kupaka rangi ukuta wangu. Akasema ni kazi tu, mama. Nikamwambia na mimi nafanya kazi kwenye machimbo, naijua kazi, na ukuta huu ni wangu. Haukuwa wangu hata kidogo, nilikuwa naupanga, lakini hakuna jirani aliyenisahihisha.

Mume wangu alinikuta bado nimesimama pale, rangi haijakauka.

"Lakini weye unapendaka kuhama," alisema, na hakuwa anacheka.

"Napenda kuhama," nikamwambia. "Sipendi banihamishe."

Tarehe haijatangazwa. Siku ninazopumzika tunatembea pamoja kuangalia viwanja upande wa barabara ya Kasaji, na kila kiwanja mmoja wetu anakitafutia kasoro.